Bega la muuza vitumbua

Mama huyu ana miaka 54 na anauza vitumbua Ngamiani, hapa Tanga. Saa kumi alfajiri hukaa juu ya mbuzi akakuna nazi sita, mchele ukiwa umelowekwa tangu usiku. Ameniruhusu nieleze habari zake ilimradi jina nisilitaje. "Andika mwanangu," aliniambia, "nilikopita mimi na wengine watapita."

Nilipompokea, bega lake la kushoto lilikuwa na miezi saba ya maumivu, na lilikwisha kupita mikononi mwa watu wanne: mchuaji wa mtaani, mtu wa hijama, kijana anayenyoosha viungo, na mtu wa fani yangu mwenyewe, mtaalamu wa fizioterapia katika kliniki moja. Wa tano alikuwa bibi mchuaji wa Pangani, ambaye alilishika bega, akalipima kwa mkono wake, akakataa kulichua. Ni yeye aliyemwambia aende hospitali. Kila wiki kuna mtu huniuliza kipi bora, kuchua, hijama, masaji au fizioterapia, nami hushindwa kumjibu kwa neno moja. Kisa hiki kinaonyesha kwa nini.

Bega lilivyoanza

Hakuanguka. Hakubeba ndoo nzito kuliko za siku zote. Usiku mmoja aliamka bega linamchoma, akadhani amelilalia vibaya. Wiki ya pili maumivu yakawa ya kila usiku, yakishuka upande wa nje wa mkono, pale watoto wanapochanjwa. Duka la dawa walimpa diklofenaki. Zilimtuliza mpaka tumbo likaanza kumuuma, akaziacha.

Kufika mwezi wa tatu, mkono wenyewe ukaanza kupungua. Kila mgonjwa wa bega mimi humuuliza mkono umemnyima nini, kwa sababu nyuzi za kipimo nitazipata mwenyewe baadaye, lakini hilo ni yeye tu anayelijua. Mama alitazama mlango kwanza kama umefungwa. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mkono wa kushoto haufiki nyuma, kwa hiyo tangu mwezi wa Rajabu anastanji kwa mkono wa kulia, mkono anaolia chakula. Hilo lilimuumiza kuliko maumivu yenyewe. Na kwenye swala, anapohirimia, mkono wa kulia hupanda mpaka begani lakini wa kushoto huishia kifuani. "Nasimama mbele ya Mola wangu mkono mmoja juu, mmoja chini," alisema, akalia kidogo.

Nimeyaandika haya kwa sababu hakuna hata mmoja kati ya watu wanne waliotangulia aliyemuuliza.

Mikono minne

Mchuaji wa kwanza ni jirani yake, mwanamke mtu mzima anayechua wazazi waliotoka kujifungua. Alipasha mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu na tangawizi, akaanza shingoni, akashuka taratibu kwa kiganja kizima, kisha akafuata ukingo wa kwapa kwa vidole gumba, akamalizia kwa kumkanda na kitambaa cha maji moto. Siku saba mfululizo. Mama alilala vizuri tangu usiku wa kwanza. Mkono haukupanda hata kidogo.

Watu wa fani yangu hupenda kuidharau kazi ya namna hii, na wanakosea. Masaji inayouzwa hotelini kwa jina la Sweden, ile inayohusishwa na Per Henrik Ling aliyefungua chuo chake cha mazoezi Stockholm mwaka 1813, na iliyopangwa mitindo yake na daktari Mholanzi Johann Georg Mezger, ni mambo haya haya: kupapasa kwa mkono mrefu, kukanda, kusugua, kugongagonga. Joto na mguso wa ngozi hupeleka habari kwenye mishipa ya fahamu, maumivu yakapungua makali, na misuli iliyokuwa imejikaza kulilinda bega ikalegea. Huo ni msaada wa kweli kwa mtu ambaye hajalala miezi mitatu. Tatizo la mama, hata hivyo, halikuwa kwenye misuli. Lilikuwa chini yake, mahali kidole gumba hakifiki hata kikisukumwa kwa nguvu zote.

Akaenda kwenye hijama. Alipigwa vikombe vitano kati ya mabapa ya mabega, akachanjwa kwa wembe, damu ikavutwa. Alitoka mwepesi, na wepesi huo ulidumu siku mbili. Wengi wetu tunaiheshimu hijama kwa imani, na mababu zetu waliumika kwa pembe kabla vikombe vya plastiki havijaja, kwa hiyo sitaigombeza. Nataka tu atakayeifanya avae glavu, afungue wembe mpya mbele ya mteja, na kabla ya yote aulize: una sukari? unatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Mama hakuulizwa. Chale zake zilichukua wiki tatu na zaidi kufunga, na moja ilitunga usaha. Kidonda kidogo kisichofunga kwa mtu wa miaka 54 ni dalili. Ilionwa, ikapakwa marhamu, ikasahauliwa.

Wa tatu alikuwa kijana mwenye sifa kubwa mjini kwa kunyoosha viungo. Alimlaza mama kwenye mkeka, akaweka goti lake ubavuni, akaushika mkono kwenye kifundo na kuuvuta juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja. Pakatoka mlio. Kijana akasema, "Limerudi mahali pake." Usiku ule mama aliumwa mpaka akatapika, na kwa wiki mbili hakuweza kuinua kikombe cha chai.

Hili la "limerudi" nalijadili kwa urefu kidogo, kwa sababu limeshika akili za watu wengi, na si za hapa kwetu tu. Mwaka 1895, katika mji wa Davenport, Marekani, Daniel David Palmer alianzisha kairopraktiki kwa hoja kwamba mifupa iliyohama ndiyo chanzo cha maradhi, na mkono wa mtaalamu huirudisha. Mlio wa kiungo ulichukuliwa kuwa ushahidi. Leo tunajua kwamba mlio wa kawaida hutokana na gesi ndani ya ute wa kiungo, pale nafasi ya kiungo inapopanuka ghafla. Ndiyo maana vidole hulia ukivivuta, na hakuna kidole kilichokuwa kimehama. Kusukuma uti wa mgongo kwa ustadi kunaweza kumsaidia mtu: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno umekuweka pamoja na masaji, mazoezi na elimu kwa mgonjwa katika njia zinazofaa, na haukupendekeza mikanda ya kiuno wala kuvutwa kwa mashine. Lakini kiuno ni kiuno. Bega lililoganda, yaani lililojifunga ndani kama hili la mama, halina mfupa uliohama. Madaktari wa mifupa hulivuta bega la namna hii mgonjwa akiwa amelazwa usingizi, na hata wao mara chache huvunja mfupa wa mkono. Aliyevutwa akiwa macho, misuli yote imekakamaa kwa hofu, huchanika tishu zilizokwisha kuvimba. Mlio wa mama sidhani kama ulikuwa wa gesi.

Wa nne ni mwenzangu, na hapa ndipo ninapoona uchungu zaidi. Kliniki ilikuwa safi, taa ya joto ilikuwepo, kapi za kuvutia mkono zilikuwepo, na fomu ilijazwa. Kisha mtaalamu akamlaza chali na kuusukuma mkono mpaka ulipogoma, na ulipogoma akaongeza. "Vumilia mama, bila maumivu hupati nafuu." Alienda mara tatu, ya nne hakurudi. Nisingeweza kumlaumu mwenzangu huyo bila kusema kwamba miaka yangu ya mwanzo kazini nami nilifanya hivyo hivyo. Nilifundishwa kwamba bega linaloganda hushindwa kwa nguvu. Kisha nikakutana na utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2004, wa Diercks na Stevens. Waliwafuata wagonjwa 77 wenye bega lililoganda kwa miaka miwili. Kundi moja lilinyooshwa mpaka kwenye maumivu na kuyapita. Kundi la pili lilielezwa ugonjwa, likapewa mazoezi mepesi yasiyovuka maumivu, likaambiwa litumie mkono kadiri unavyoruhusu. Mwisho wa miaka miwili, asilimia 89 ya waliofanyiwa upole walikuwa na bega zima au karibu zima. Kwa walionyooshwa kwa nguvu ilikuwa asilimia 63. Sikulala vizuri usiku nilioisoma hiyo, nikiwakumbuka niliowaliza.

Bibi wa Pangani

Mama alikwenda Pangani kwenye harusi ya mtoto wa dada yake. Wanawake walipokuwa wakisingana liwa, mtu akaona hawezi kujipaka mgongo, wakamwita bibi anayechua. Naye akamweleza yote.

Bibi hakufungua chupa ya mafuta. Alimwambia mama ainue mkono mwenyewe, akatazama ulipoishia. Kisha akamkalisha, akamwambia alegee kama mtoto aliyelala, akauinua yeye kwa mikono yake miwili. Ukaishia pale pale. Akambana kiwiko ubavuni na kukipeleka kiganja nje, kama mtu anayefungua mlango wa bati. Haukwenda. Akafanya hivyo na mkono wa kulia, ukaenda wote. Akauweka mkono chini polepole na kusema: "Mwanangu, hili halikuteguka, wala mshipa haukupanda. Limejifunga ndani. Nikikuchua utanilipa bure. Wewe usiku unakwenda chooni mara ngapi?"

Mara nne, tano. Na kiu? Anaweka jagi la maji kando ya kitanda.

"Basi kapime sukari. Mabega ya hivi nimeyaona kwa wenye sukari."

Niliposimuliwa haya nilinyamaza kwa muda. Kulinganisha mkono anaouinua mgonjwa mwenyewe na mkono unaoinuliwa na mwingine ndicho kipimo kikuu tunachofundishwa chuoni. Misuli ikichanika au kano ikiumwa, mgonjwa hushindwa kuuinua, lakini mimi nikiuinua unakwenda. Kiungo chenyewe kikijifunga, sote wawili tunakwama mahali pamoja, na mzunguko wa nje ndio unaoondoka mapema zaidi. Bibi hakusoma hayo popote. Ameyapata kwa mabega aliyoyashika.

Tulichokikuta

Sukari ya mama, asubuhi kabla ya kula, ilikuwa 12.4 mmol/L. Kuanzia 7.0 ni kisukari, na daktari hurudia kipimo kuthibitisha. Kilirudiwa, kikathibitika. Kwangu, kiwiko kikiwa ubavuni, mkono wa kulia ulizunguka nje nyuzi 60, wa kushoto 10. Kwenda mbele na juu, wa kushoto uliishia nyuzi 90. Nyuma, kidole gumba kilifika kwenye nyonga tu. Picha ya eksirei haikuonyesha kiungo kilicholika wala kilichotoka mahali pake, na hilo lilikuwa lazima tulijue, kwa sababu hayo mawili nayo huufunga mzunguko wa nje. Nilipima shingo. Nilimuuliza pia kama maumivu huja akipanda ngazi au akitembea haraka, pamoja na jasho au kubanwa na pumzi, kwa sababu mkono wa kushoto unaouma unaweza kuwa moyo. Haikuwa hivyo.

Kiungo cha bega kimefunikwa na mfuko. Kwa mtu mzima wa afya mfuko huu ni mpana, na chini, kwenye kwapa, una mikunjo iliyolegea kama kwapa la dira. Ndiyo inayokunjuka mkono unapopanda. Katika ugonjwa huu mfuko huvimba kwanza, ukauma hasa usiku, kisha hunenepa na kusinyaa, mikunjo ikashikana. Daktari Codman wa Boston aliupa jina la bega lililoganda mwaka 1934. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari mara kadhaa zaidi ya wengine. Kwa kawaida hupita katika vipindi vitatu, cha kuuma, cha kukaza na cha kuachia, na safari yote huchukua mwaka mmoja hadi mitatu.

Ukivijua vipindi hivyo, swali la mtindo gani bora hubadilika. Mkono wa jirani yake ulimfaa katika kipindi cha kuuma, kwa usingizi. Mkono wa kunyoosha, ule mpole wenye subira, una kazi yake baadaye bega linapoanza kuachia. Alichopewa mama ni nguvu katika mwezi wa tano na wa sita, mfuko ukiwa bado umevimba. Ni sawa na kuchokonoa jipu ambalo halijaiva.

Tiba yenyewe

Kwanza sukari. Daktari alimwanzishia metformini, tukazungumza chakula, na hapo kazi yake ilileta mtihani, maana muuza vitumbua huonja, na kinachobaki ndicho staftahi ya nyumba. Sukari ilipotulia, daktari alimchoma sindano moja ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ndani ya kiungo. Alimwonya kwamba sukari ingepanda kwa siku kadhaa, ikapanda kweli, ikashuka. Ndani ya wiki mbili mama alikuwa analala usiku kucha.

Mimi nilimfundisha mambo manne, kila siku mara tatu, kila mara baada ya kukandwa na kitambaa cha maji moto. Kuinama na kuuacha mkono ubembee. Kupandisha vidole ukutani mpaka pale bega linaposema basi, na kuweka alama ya mkaa. Kushika mwiko wa ugali kwa mikono miwili, viwiko ubavuni, mkono wa kulia ukiusukuma wa kushoto nje. Na kanga: kuipitisha mgongoni kama mtu anayejifuta, mkono mzima ukiuvuta juu ule mgonjwa kidogo kidogo. Kanuni ilikuwa moja. Maumivu yakibaki zaidi ya muda wa kuchemsha chai, umezidisha, punguza. Mikono yangu juu ya bega ilifanya kazi ndogo, misogeo mifupi ya kutikisa kiungo ndani ya nafasi yake, kwa mtindo aliouratibu Geoffrey Maitland wa Australia, ambaye aliipa misogeo hiyo madaraja kuanzia ule usiofikia mpaka ule unaosukuma mwisho. Miezi mitatu ya mwanzo sikuvuka daraja la pili.

Na nilimwomba arudi kwa jirani yake mchuaji. Mtu mwenye bega hili huinua bapa lote la bega ili mkono ufike, na shingo hubeba mzigo usio wake. Nilikwenda nyumbani tukakaa watatu uani, nikamwonyesha jirani wapi pachuliwe, shingo na mgongo wa juu, na wapi paachwe. Alinisikiliza, kisha akanionyesha yeye namna anavyoegemeza uzito wa mwili badala ya kusukuma kwa vidole. Tangu siku ile vidole gumba vyangu havinisumbui jioni.

Miezi mitatu tangu tuanze, mzunguko wa nje ulikuwa nyuzi 25. Mwezi wa nane, 45, na kidole gumba kilifika mstari wa mkanda. Siku hiyo hakungoja nipime. Alisimama katikati ya chumba, akaniambia, "Tazama," akanyanyua mikono miwili kama anayehirimia. Ilipishana kwa upana wa vidole viwili tu.

Siwezi kusema mikono yangu ndiyo iliyofanya hivyo peke yake, kwa sababu muda nao ulikuwa unafanya kazi. Hata tiba kubwa zaidi hazijashinda wazi: utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020, wenye wagonjwa 503, ulilinganisha kuvutwa ukiwa usingizini, upasuaji wa tundu dogo, na fizioterapia iliyopangwa pamoja na sindano. Mwaka mmoja baadaye hakuna iliyoonekana kuizidi nyingine kwa kiasi cha maana kwa mgonjwa. Kwa mama wa Ngamiani, aliye na kisukari na asiyeweza kufunga biashara, njia ya sindano na mazoezi ndiyo iliyokuwa karibu na nyepesi. Ningeichagua tena.

Amekwisha kuacha kuja kliniki. Lakini mwezi uliopita alinipigia simu alfajiri, kabla hajawasha jiko. Bega la kulia limeanza kuuma usiku. Alikuwa amekwisha kubana kiwiko ubavuni mbele ya kioo, akaona kiganja hakiendi nje kama cha kushoto. Wenye sukari huweza kupata bega la pili, nilimwambia hivyo zamani, naye hakusahau. "Hii ni wiki ya kwanza, mwanangu," alisema. "Safari hii nimewahi."

Nilimwambia aache nazi wakune wengine, apime sukari asubuhi hiyo hiyo, aje saa nne.